Mtoto Asiyesema Anayo Maneno
Somo juu ya jinsi wataalamu wa usemi wanavyofundishwa kuwatumikia watoto wenye ulemavu mzito na wenye usonji

Mwezi huu twataka kujifunza pamoja habari za kazi moja ambayo wengi wetu hatukuijua tulipokuwa watoto, nayo ni kazi ya mtaalamu wa usemi na lugha. Wala hatutaki kuieleza kazi yake tu, bali hasa jinsi anavyofundishwa, ili aweze kuwasaidia watoto ambao usemi wao umezuiwa kabisa, au karibu kabisa. Labda mtu atauliza, "Mafundisho ya wataalamu yatuhusu nini sisi tusio wataalamu?" Twajibu kwamba yatuhusu sana, kwa sababu mambo wanayofundishwa wao ndiyo yayo hayo tunayoyakosea sisi kila siku.

Tuseme yuko mtoto wa miaka sita katika nyumba ya jirani. Hasemi neno. Akiitwa jina lake, hageuki. Akitaka maji, humshika mama yake mkono na kumvuta mpaka penye mtungi. Wageni wakija hufungiwa chumbani, kwa kuwa hupiga kelele na kujigonga kichwa ukutani. Majirani husema, "Huyu hana akili." Wengine hunong'ona kwamba mama yake ana kosa. Na sisi tunaoandika haya twakiri kwamba tumewahi kupita mbele ya nyumba ya namna hiyo, tukatoa maneno ya huruma, tukaenda zetu, tusiulize kama mtoto mwenyewe ana neno la kutuambia. Basi somo hili ni la kutusahihisha sisi pia.

1. Watoto hawa ni watu gani?

Kwanza yafaa tuyapambanue mambo mawili. Usonji ni hali anayozaliwa nayo mtoto, ya ubongo wake kukua kwa njia yake. Mara nyingi hupata shida katika kushirikiana na watu na katika kutumia lugha. Tena hupenda mambo yaende vile vile kila siku, na sauti au mwanga ambao kwetu si kitu kwake huweza kuwa maumivu. Si wote walio sawa. Wako wenye usonji wanaosema vizuri, na kusoma mpaka vyuo vikuu. Wako wengine wasiosema neno maisha yao yote. Ulemavu mzito nao una asili nyingi. Kwa mfano, mtoto mwenye mtindio wa ubongo huenda anaelewa yote anayoambiwa, lakini misuli ya kinywa na ya mikono haimtii. Maneno yamo ndani, ila mlango wa kutokea umefungwa.

Katika mwaka 1943 tabibu Leo Kanner, wa hospitali ya Johns Hopkins katika mji wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 aliowachunguza, wavulana 8 na wasichana 3. Katika hao 11, watoto 8 walipata kusema na 3 walibaki bila usemi. Maandiko yake ndiyo yaliyowafanya matabibu wengi waanze kuutambua usonji. Kanner aliona ya kuwa watoto hao walizaliwa hivyo. Walakini aliandika pia kwamba wazazi wao walikuwa watu wasio na uchangamfu wa mapenzi. Neno hilo likazaa matunda machungu. Kwa miaka mingi matabibu waliwaambia akina mama kwamba wao ndio waliowaharibu watoto kwa ubaridi wa mioyo yao, na mwaka 1967 Bruno Bettelheim alitoa kitabu kilichokaza mafundisho hayo.

Kumbe si kweli. Bernard Rimland, mtaalamu wa elimu ya nafsi, naye mwenyewe baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa amekwisha kuyapinga katika kitabu chake cha mwaka 1964. Kisha mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za mapacha huko Uingereza. Katika mapacha wa yai moja, jozi 4 kati ya 11 walikuwa na usonji wote wawili. Katika mapacha wa mayai mawili, hapakuwa na hata jozi moja kati ya 10. Kama lingekuwa kosa la mama, ingekuwaje tofauti hiyo, maana mama wa mapacha ni mmoja? Basi tusiwacheke Wamarekani wa zamani. Wao walimlaumu mama kwa maneno ya kitaalamu, na sisi twamlaumu kwa maneno ya laana na uchawi; lakini kosa ni lile lile, na anayelia ni mama yule yule.

2. Sheria iliyofungua mlango

Katika Marekani, mpaka miaka ya 1970, shule ziliweza kumkataa mtoto mwenye ulemavu mzito. Bunge la nchi hiyo lilipoliangalia jambo hili liliona kwamba wako watoto wenye ulemavu zaidi ya milioni 8, kwamba zaidi ya nusu yao hawapati mafundisho yanayowafaa, na kwamba milioni 1 wamefungiwa nje ya shule kabisa. Tarehe 29 Novemba 1975 Rais Gerald Ford alitia sahihi sheria iliyompa kila mtoto mwenye ulemavu haki ya kufundishwa katika shule za serikali bila malipo. Mwaka 1990 sheria hiyo ilibadilishwa jina, na usonji ukatajwa ndani yake waziwazi.

Mlango ukafunguka, watoto wakaingia. Lakini ndipo shida nyingine ilipoonekana. Wataalamu wa usemi walikuwako tangu zamani. Chama chao cha Marekani kilianzishwa mwaka 1925. Walakini wengi wao walikuwa wamefundishwa kumsaidia mtoto mwenye kigugumizi, au yule asiyeweza kutamka herufi fulani. Sasa aliletwa mbele yao mtoto asiyesema neno lo lote, asiyeketi, asiyetazama uso wa mtu. Wengine wakasema, "Huyu hajawa tayari, na angoje mpaka aonyeshe dalili ya kuelewa." Mtoto akangoja mwaka mmoja, miwili, kumi. Hapo twaona ya kwamba sheria bila watu waliofundishwa ni kama kisima bila kamba.

Kwa sababu hiyo serikali ya Marekani hutoa fedha kwa vyuo vikuu ili vifundishe wataalamu kwa ajili ya watoto hao hasa. Mwanafunzi husaidiwa ada yake, naye hufunga ahadi: kwa kila mwaka mmoja aliosaidiwa, atafanya kazi ya kuwatumikia watoto wenye ulemavu miaka miwili, asipoitimiza, atarudisha fedha. Ni mpango wa busara, maana huwafikiria watoto wanaongoja kuliko cheti cha mwanafunzi.

3. Masomo yao

Katika nchi hiyo mtu hawi mtaalamu kamili wa usemi kwa kusoma vitabu tu. Baada ya shahada ya kwanza husoma shahada ya pili, kwa kawaida muda wa miaka miwili. Chama chao chataka mwanafunzi awe na saa 400 za mazoezi: saa 25 za kutazama wakubwa wake wakifanya kazi, na saa 375 za kufanya kazi yeye mwenyewe pamoja na wagonjwa na watoto, akisimamiwa. Kisha hufanya mtihani wa taifa, na hufanya kazi chini ya uangalizi saa 1,260, kwa muda usiopungua majuma 36. Ndipo hupewa cheti cha chama.

Hata hivyo twapaswa kujua jambo moja. Mtu aweza kuzitimiza saa hizo zote, naye amekutana na watoto wasiosema mara chache tu. Ndiyo maana vyuo vingine vimeongeza masomo ya pekee, na kuwapeleka wanafunzi katika madarasa na nyumba walimo watoto wenye ulemavu mzito, wakae nao, wale nao, waone siku nzima ya mtoto ilivyo. Tena haja haipungui. Hesabu za serikali ya Marekani zilizotolewa mwaka 2025 zaonyesha kwamba katika sehemu zilizochunguzwa, mtoto 1 kati ya 31 wenye umri wa miaka 8 alitambuliwa kuwa na usonji. Hii haimaanishi kwamba hali hii imezuka jana. Sehemu kubwa ni kwa kuwa watu wamejifunza kuitambua.

4. Mambo matano wanayofundishwa

La kwanza, kuusoma usemi usio na maneno. Mwanafunzi hufundishwa kutazama kabla ya kufundisha. Mtoto anageuza uso? Amekataa. Anakaza macho penye kikombe? Ameomba. Yule mtoto wa jirani yetu, alipomvuta mama yake mpaka penye mtungi, alikuwa amekwisha kusema. Mtaalamu aanza hapo, wala hasemi kwamba mtoto hana kitu. Vile vile mtoto anayerudia maneno aliyoambiwa, ukimwuliza "Wataka chai?" naye ajibu "Wataka chai?", watu hudhani anadhihaki au hana fahamu. Lakini mwaka 1981 Barry Prizant na Judith Duchan walionyesha kwamba mara nyingi marudio hayo yana maana yake: huenda ni kukubali, huenda ni kujipa muda wa kuelewa, huenda ni kushika zamu yake katika mazungumzo.

La pili, kuuliza kelele zasema nini. Mtoto ajigongaye kichwa huonekana kama mtukutu wa kuadhibiwa. Mwaka 1985 Edward Carr na Mark Durand walichunguza watoto wa namna hiyo, wakaona kwamba wengine hufanya fujo wapewapo kazi ngumu, na wengine wakosapo kuangaliwa. Walipofundishwa njia nyingine ya kusema "Nisaidie" au "Nitazame", fujo zikapungua sana. Basi mtaalamu hauulizi tu, "Nitamnyamazishaje?" bali, "Ni neno gani analokosa, hata atumie kichwa chake mahali pa neno hilo?"

La tatu, kumpa mtoto njia nyingine ya kusema. Iwapo kinywa hakiwezi, na vitumike vidole, macho, picha au chombo chenye sauti. Katika Toronto, Canada, mwaka 1971 walimu wa watoto wenye mtindio wa ubongo walianza kutumia alama zilizobuniwa na Charles Bliss, mtoto akionyesha alama kwa kidole au kwa macho. Katika jimbo la Delaware, Marekani, mwaka 1985 Andy Bondy na Lori Frost walianza kuwafundisha watoto wenye usonji kumpa mtu picha ya kitu wanachokitaka, naye huwapa kitu chenyewe. Siku hizi kuna vyombo vya umeme ambavyo mtoto akigusa picha, chombo hutamka neno. Lakini kufundisha chombo si kumpa mtoto na kumwacha. Mtaalamu mwenyewe husema huku akigusa picha, siku kwa siku, kama vile sisi tunavyosema na mtoto mchanga miezi mingi kabla hajajibu. Ni nani aliyemfundisha mtoto Kiswahili kwa kunyamaza mbele yake?

Hapa wazazi wengi huogopa. Husema, "Akizoea picha, hatasema kamwe." Hofu hiyo ni ya haki, nayo yastahili jibu. Mwaka 2006 Diane Millar, Janice Light na Ralf Schlosser waliukusanya utafiti uliokuwapo juu ya jambo hili. Katika watu 27 ambao habari zao zilipimwa vizuri kuliko nyingine, hapakuwa na hata mmoja ambaye usemi wake ulipungua kwa sababu ya picha, alama au chombo. Na karibu 9 katika kila 10 waliongeza usemi kidogo. Basi picha si ukuta wa kuzuia usemi. Kwa wengine ni daraja, na kwa wale ambao hawatasema kamwe kwa kinywa, ndiyo nyumba yenyewe ya lugha yao.

La nne, kulisha kwa usalama. Wengine watashangaa kwamba mtaalamu wa usemi hushughulika na chakula. Lakini kinywa na koo la kusemea ndivyo vya kumezea pia. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo aweza kupaliwa, chakula kikaingia njia ya hewa, akaugua mapafu. Kwa hiyo mwanafunzi hujifunza namna ya kumkalisha mtoto, na uji uwe mzito kiasi gani.

La tano, kufanya kazi pamoja na wengine. Mtaalamu akaaye na mtoto nusu saa kwa juma hawezi kushindana na saa nyingine zote za juma hilo. Asipowafundisha mama, bibi, ndugu na mwalimu, kazi yake ni kumwaga maji mchangani. Mama naye ana elimu ambayo hakuna chuo kikuu kinachoitoa, maana amemtazama mtoto huyu mmoja tangu kuzaliwa. Mwanafunzi mwema hujifunza kumwuliza kabla ya kumwagiza.

5. Onyo: njia isiyopimwa

Ingekuwa rahisi kumaliza hapo, lakini iko habari ya kusikitisha ambayo kila mwanafunzi wa kazi hii hufundishwa, nasi yatufaa. Katika Australia Rosemary Crossley alianzisha njia ya kumshika mkono mtu asiyesema, ili apige chapa herufi moja moja. Douglas Biklen akaieneza Marekani karibu na mwaka 1990. Ikaonekana kama mwujiza! Watoto waliodhaniwa hawajui kitu wakaandika barua za upendo kwa wazazi wao, na wazazi wakalia kwa furaha.

Mwaka 1993, katika jimbo la New York, njia hiyo ilipimwa kwa watu 12. Mwenye ulemavu alionyeshwa picha yake, na msaidizi wake alionyeshwa picha yake, kila mmoja asione ya mwenzake. Picha zilipotofautiana, hapakuandikwa hata mara moja jina sahihi la picha aliyoiona mwenye ulemavu. Maneno yalitoka kwa msaidizi, wala msaidizi mwenyewe hakujua kwamba anayatoa yeye. Vipimo vingine vingi vikaonyesha vivyo hivyo. Wakati huo wazazi wengine walikuwa wamekwisha kushitakiwa kwa mambo mabaya, kwa sababu ya maneno ambayo watoto wao hawakuyaandika kamwe. Chama cha wataalamu wa usemi kiliikataa njia hiyo mwaka 1994, na tena mwaka 2018.

Tazameni jinsi jambo hili lilivyo zito. Wasaidizi hao hawakuwa wadanganyifu. Walikuwa watu wenye mapenzi. Lakini mapenzi yasiyojipima yalikinyang'anya kinywa cha mtoto mara ya pili: kwanza alikuwa hana sauti, kisha akapewa sauti isiyo yake. Yule amwambiaye mtoto, "Huna neno," na yule amsemeaye maneno yote, wote wawili wamekosa kumsikiliza. Ndiyo sababu tamko la haki za mawasiliano lililotolewa huko Marekani mwaka 1992, na kutengenezwa upya mwaka 2016, latangaza kwamba kila mtu, hata ulemavu wake uwe mzito namna gani, anayo haki ya kuomba, na haki ya kukataa. Haki ya kukataa ndiyo kipimo. Mtoto asiyeweza kusema "Sitaki" bado hajapewa lugha.

6. Sisi je?

Katika Afrika ya Mashariki kazi hii ingali changa. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kutoa shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, nacho kilikuwa cha kwanza katika nchi zetu. Na huko Irente, Lushoto, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ina shule ya watoto wenye ulemavu wa akili na usonji, ambako wengi wamejionea ya kuwa mtoto aliyefichwa aweza kujifunza. Lakini sharika ni nyingi, na wataalamu ni wachache mno. Basi tufanye nini tukingoja? Tusijifanye wataalamu, bali yako mambo yasiyohitaji cheti.

Mtoto asiyesema na apelekwe hospitali kupimwa masikio kwanza, maana wengine hawasikii tu. Asingojeshwe kwa kuambiwa, "Atasema akikua," kwani samaki mkunje angali mbichi. Akilishwa, na aketi wima, apewe kidogo kidogo, asilazwe chali. Akiulizwa, na aonyeshwe vitu viwili, kama kikombe na ndizi, kisha tungoje, tuhesabu polepole mpaka kumi kabla ya kumjibia. Maana mara nyingi ulimi wake si mzito kama subira yetu ilivyo fupi. Asifungiwe wageni wajapo. Na iwapo kijana wa usharika ana moyo wa kazi hii, wazee wamsaidie asome, wafunge naye ahadi kama ile tuliyoieleza, ili arudi kuwatumikia watoto wa kwao.

Ndugu wapendwa, yule mtoto bado yuko nyumbani kwa jirani. Leo pia amemshika mama yake mkono na kumvuta mpaka penye mtungi. Jana tulisema, "Hasemi." Tukiwa tumejifunza, leo tutasema, "Ameomba maji," na tutampa.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Kwa nini si haki kumlaumu mama wa mtoto mwenye usonji? Tueleze habari ya mapacha.
2. Mtoto apigaye kelele aweza kuwa anasema nini? Tutaje mfano tulioujua wenyewe.
3. Je, picha humzuia mtoto asiseme? Tutamjibuje mzazi mwenye hofu hiyo?
4. Kuna tofauti gani kati ya kumsaidia mtoto kusema na kumsemea?
5. Katika usharika wetu wako watoto wangapi wasioonekana ibadani wala shuleni? Ni nani atakayekwenda kuwaamkia juma hili?